Buffy, The Vampire Diaries au Teen Wolf: uanze na ipi ukitaka hadithi ya mapenzi na kukua?

Kila mwaka wanakuja watazamaji wapya na swali lilelile: nimesikia sifa za tamthilia hizi tatu, muda wangu ni mdogo, nianze na ipi? Majibu wanayopewa huwa ya kishabiki. Aliyekua akitazama Buffy the Vampire Slayer atawaambia kwamba nyingine zote zimefuata nyayo zake. Aliyeijua The Vampire Diaries kupitia flashi iliyokuwa ikizunguka bweni ataapa kuwa hajaona mapenzi kama ya Elena na wale ndugu wawili. Shabiki wa Teen Wolf ataanza kumsifia Stiles kabla hata hujamaliza kuuliza. Wote wanasema kweli yao, ila anayeuliza anabaki palepale.

Nazipenda zote tatu, na naona zinaulizana swali moja ambalo ni zito kuliko meno marefu na mwezi mpevu: mtu akipenda kabla hajamaliza kukua, kipi kitangulie? Buffy inasema kukua kwanza. The Vampire Diaries inasema mapenzi ndiyo yanayomkuza mtu, hata yakimvunja. Teen Wolf inasema watu wawili peke yao hawatoshi, maana kijana hukuzwa na marafiki zake na mzazi aliyebaki macho usiku akimngojea. Ukijua ni jibu lipi linakugusa, umeshakaribia kuchagua.

Nitataja matukio makubwa, vifo vikiwemo. Asiyependa kuharibiwa uhondo aruke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

## Nimezipima kwa nini

Vigezo ni vitano. Kwanza, mapenzi yamejengwaje na yanamgharimu mhusika nini. Pili, je, mhusika anakua kweli au anabadilisha nguo tu kila msimu. Tatu, mambo ya giza yamebeba maana gani. Nne, wakubwa wako wapi watoto wanapohangaika. Tano, muda na moyo unaohitajika. Uzuri wa waigizaji sikuuweka, kwa sababu hapo kila mtu ana macho yake. Wala sikuhesabu vizazi vya tamthilia hizi, yaani Angel (1999–2004), The Originals (2013–2018), Legacies (2018–2022) na filamu ya Teen Wolf ya 2023.

Kwa ukubwa ziko hivi. Buffy ilirushwa kuanzia Machi 1997 hadi Mei 2003, misimu 7, episodi 144. The Vampire Diaries ilianza Septemba 2009 ikaisha Machi 2017, misimu 8, episodi 171. Teen Wolf ilianza Juni 2011 ikafunga Septemba 2017 kwa episodi 100 katika misimu 6. Zote ni za Marekani, zote zimewekwa katika miji midogo ya kubuni: Sunnydale na Beacon Hills huko California, na Mystic Falls katika jimbo la Virginia.

## Mapenzi

Buffy Summers ana miaka 16 anapohamia Sunnydale, mji uliokaa juu ya Mdomo wa Jehanamu. Ndiye msichana mteule wa kizazi chake, aliyepewa nguvu za kuua vampaya, na anampenda vampaya. Angel aliua watu kwa zaidi ya karne nzima, mpaka mwaka 1898 Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya, walipomlaani kwa kumrudishia roho yake ili ateseke kwa majuto. Laana hiyo ina sharti asilolijua: siku atakayopata furaha kamili, roho inamtoka tena.

Usiku wa kutimiza miaka 17 Buffy analala naye, mara yake ya kwanza. Anaamka peke yake. Anapomkuta tena, Angel anamcheka na kumwonyesha kwamba usiku ule haukuwa kitu. Waandishi wamechukua hofu ya wasichana wengi, ya mvulana anayegeuka akishapata alichokitaka, wakaifanya iwe kweli kabisa ndani ya hadithi. Jioni ile yuko nyumbani na mama yake wanatazama filamu ya zamani. Mama anamletea keki ndogo yenye mshumaa mmoja, anamuuliza siku yake ya kuzaliwa ilikuwaje. Buffy anajibu kwamba ameongeza umri. Mama anamwambia anamwona yuleyule, kisha anamtaka azime mshumaa na aombe jambo moyoni. Buffy anasema atauacha uwake tu, anajiegemeza kwake. Sijaona mahali pengine ambapo tamthilia ya mazimwi imesema mengi hivyo kwa kitu kidogo kiasi hicho.

Mwisho wa msimu wa pili analazimika kumuua Angel ili kuiokoa dunia, na anafanya hivyo sekunde chache baada ya roho yake kurudi. Baadaye Angel anarejea, wanajaribu tena, wanaachana. Wanakuja Riley, kijana mwema ambaye Buffy hawezi kumfungulia moyo wote, na Spike, vampaya ambaye katika msimu wa sita uhusiano wao ni wa kuumizana waziwazi. Katika episodi ya mwisho kabisa Angel anataka kujua kama ana nafasi. Buffy anajilinganisha na unga uliokandwa wa biskuti ambao haujaokwa bado: siku akiiva ndipo atajua anataka kuwa na nani. Tamthilia ya miaka saba inafungwa na msichana asiye na mchumba, tena akiwa na amani. Wapo wanaoiona hiyo ni dhuluma baada ya subira yote ile. Mimi naiona ni heshima.

The Vampire Diaries haina haya hata kidogo kuhusu mapenzi, na ndiyo maana inapendwa. Elena Gilbert ana miaka 17, wazazi wake wamekufa miezi michache iliyopita gari lao lilipotumbukia mtoni, yeye akanusurika. Aliyemtoa majini ni Stefan Salvatore, vampaya mwenye sura ya miaka 17 tangu 1864. Kisha anatokea kaka yake, Damon, aliyerudi kulipiza machungu ya zamani ya mwanamke mmoja, Katherine, anayefanana na Elena kama pacha. Kuanzia hapo ni timu Stefan na timu Damon, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Ubora wa tamthilia hii uko katika namna inavyopanga siri. Chukua usiku mmoja wa msimu wa pili. Damon anaingia chumbani kwa Elena kumrudishia mkufu wenye vervain, mmea unaomkinga mtu asiingiliwe akili na vampaya. Kabla ya kumvalisha anamwambia kwamba anampenda, kwamba hamstahili, na kwamba mdogo wake, Stefan, ndiye anayemfaa. Chozi linamdondoka. Kisha anamfutia kumbukumbu. Elena anapopepesa macho mkufu uko shingoni na chumba ni kitupu. Mtazamaji amejua, mhusika hajajua, na utazibeba hizo dakika mbili hadi mwanzo wa msimu wa nne. Mwisho wa msimu wa tatu Elena anampigia Damon simu na kumwambia anamchagua Stefan, akiongeza kwamba pengine mambo yangekuwa tofauti kama wangekutana wao kwanza. Dakika chache baadaye tunaonyeshwa kwamba walikutana kwanza, barabarani, usiku uleule wazazi wake waliokufa, na Damon alimsahaulisha. Ukitaka mapenzi ya kukufanya ushike kifua, hapa ndipo yalipo.

Lakini kuna doa ambalo shabiki mwaminifu hapaswi kulifunika. Katika msimu wa kwanza Damon anamtumia Caroline, rafiki wa Elena, kwa kumwingilia akili. Anamnywa damu, anamfanya mpenzi wake bila hiari ya kweli, na akimchoka anamdharau. Tamthilia inalipita jambo hilo haraka mno. Timu Damon, ambayo mimi nimo, inatakiwa kulikubali hilo wazi.

Teen Wolf inaanza na kalamu. Scott McCall ameng'atwa usiku msituni, masikio yake yamekuwa makali, na akiwa darasani anamsikia msichana mgeni aliye nje ya jengo akilalamika kwenye simu kwamba amesahau kalamu. Msichana anapoingia na kukaa nyuma yake, Scott anageuka na kumpa kalamu kabla hajaomba. Huyo ni Allison Argent, na ukoo wake ni wawindaji wa watu wanaogeuka mbwamwitu. Mapenzi yao ni ya kitoto kwa maana nzuri ya neno hilo: kutoroka madarasani, kuficha ujumbe kwenye simu, kukosa usingizi. Yanavunjika mwishoni mwa msimu wa pili kwa sababu ya msiba na familia, na hayarudi tena kama zamani. Allison anapokufa katika msimu wa tatu, anafia mikononi mwa Scott, akimwambia kwamba ni sawa, kwa kuwa yuko mikononi mwa mpenzi wake wa kwanza. Wakati huo kila mmoja ameshaanza kumtazama mtu mwingine. Tamthilia chache zimethubutu kusema kwamba mapenzi yaliyokwisha bado ni mapenzi.

Upande wa pili yuko Stiles, rafiki mkubwa wa Scott, aliyemzimikia Lydia, mwanafunzi mwenzao, tangu shule ya msingi, na Lydia hajui hata jina lake. Wanachukua misimu yote sita kufika. Mashabiki wengine wanasema hiyo ni subira iliyozidi, na mapenzi yenyewe yanapewa muda mfupi yakishakubaliwa. Ni kweli. Ila ukitazama namna Lydia anavyotoka kwenye kumpuuza hadi kuwa mtu anayepigania kumkumbuka Stiles pale dunia ilipomsahau, utaona hapakuwa na njia ya mkato.

## Kukua

Hapa Buffy ndiyo iliyopanga kazi yake kwa uangalifu zaidi. Misimu mitatu ya kwanza ni sekondari, wa nne ni chuo, na kila hatua ina zimwi lake. Mwisho wa msimu wa kwanza Buffy anasikia Giles, mkutubi anayemfundisha, akisoma utabiri kwamba kesho yake atakufa. Anatupa vitabu, analia, anasema ana miaka 16 na hataki kufa. Kisha anakwenda. Msimu wa tano unaleta kitu ambacho hakiuliki kwa kigingi: mama yake anakufa kwa maradhi, mchana, kwenye sofa. Episodi hiyo haina muziki wa kusindikiza. Buffy anatapika kwenye zulia na kufunika kwa karatasi za jikoni, anafungua mlango wa nyuma, huko nje watoto wanacheza kama kawaida. Aliyewahi kufiwa nyumbani anaijua hali hiyo, ya dunia kuendelea bila kukuuliza.

Msimu wa sita unakwenda mbali zaidi. Mabomba ya maji yanapasuka, benki inamnyima mkopo, mdogo wake anahitaji kulelewa, na mteule wa kizazi chake anauza baga akiwa amevaa kofia ya kazi. Wengi huuchukia msimu huu kwa sababu unachosha moyo. Mimi nausifu. Xander naye, rafiki wa Buffy tangu sekondari, ambaye hakwenda chuo na kwa muda alionekana kuachwa nyuma na wenzake, anakuwa fundi wa ujenzi anayejitegemea, na hakuna anayemwonea huruma kwa hilo.

Katika The Vampire Diaries watu hukua kwa kufiwa. Vampaya wake wana uwezo wa kuzima utu, yaani kujifungia hisia zote wasiumie tena. Elena anageuka vampaya kwa sababu alimwashiria Stefan chini ya maji amtoe kwanza rafiki yake Matt, akazama yeye. Msimu unaofuata mdogo wake, Jeremy, anauawa. Elena hawezi kuvumilia. Damon anamwambia azime, anazima, na nyumba waliyokulia inateketea kwa moto alioutia mwenyewe. Ni picha kali ya namna msiba unavyoweza kumfanya kijana mpole awe mtu wa kutotambulika.

Hata hivyo, aliyekua kuliko wote si Elena. Ni Caroline. Anaanza akiwa msichana wa kujilinganisha na wenzake, mwenye wivu, asiye na uhakika kama kuna anayempenda. Anageuzwa mwanzoni mwa msimu wa pili, na kuanzia hapo anajifunza kujizuia, kusamehe, kumuuguza mama yake anayekufa kwa saratani. Mapenzi yake na Stefan yanatokana na urafiki wa miaka, na kwangu ndiyo ya kweli kuliko yote ya Mystic Falls. Elena mwenyewe anaondoka mwisho wa msimu wa sita, Nina Dobrev alipoacha kazi hiyo, na kurudi kwenye episodi ya mwisho tu. Ukiingia kwa ajili yake, ujue kuna misimu miwili hayupo.

Kisha yuko Bonnie Bennett, mchawi, msichana mweusi katika kundi la marafiki weupe, na mashabiki weusi duniani kote wamemsemea kwa miaka. Bibi yake anakufa kwa ajili ya wengine. Yeye mwenyewe anakufa kwa ajili ya wengine, zaidi ya mara moja. Anapopata mpenzi wa kudumu, Enzo, ananyang'anywa. Kat Graham aliigiza kwa nguvu kuliko alichoandikiwa. Unapotazama tamthilia inayosema mapenzi ndiyo yanayomkuza mtu, ni haki kuuliza kwa nini huyu mmoja alikuzwa kwa kutoa sadaka tu.

Teen Wolf ina mhusika mkuu ambaye mwanzoni wengi humwona baridi. Scott ni kijana wa pumu, anayekaa benchi kwenye timu ya lakrosi, na nguvu zikimjia jambo analong'ang'ania ni kutoua. Katika ulimwengu huo mtu huwa Alfa, yaani kiongozi wa kundi la mbwamwitu, kwa kumuua Alfa mwingine. Scott anaupata uongozi kwa tabia yake, bila kumwaga damu. Kwa kijana anayeambiwa kila siku kuwa uanaume ni ubabe, hilo ni somo kubwa. Stiles ndiye anayepewa giza: katika nusu ya pili ya msimu wa tatu roho mbaya inamwingia, naye anadhani ameanza kuugua maradhi ya ubongo yaliyomuua mama yake. Dylan O'Brien hapo alifanya kazi ambayo bado inatajwa kwa heshima. Udhaifu wa tamthilia hii ni kusahau watu. Danny, mwanafunzi mwenzao, kwa mfano, anatoweka bila maelezo, na hilo linakera ukiwa umemzoea mtu.

## Mambo ya giza yana kazi gani

Hili halihitaji maneno mengi kwa msomaji wa Kiswahili. Tumekulia hadithi za jini mahaba, anayempenda mtu, akamwonea wivu, akamzuilia ndoa. Katika hadithi zetu familia nzima hukaa kutafuta namna ya kumtoa. Katika tamthilia hizi msichana anaachiwa achague mwenyewe, na ndiyo tofauti itakayokushangaza au kukupendeza.

Katika Buffy zimwi ni tatizo la kijana lililovaa sura, ndiyo maana unaweza kuieleza episodi nzima kwa sentensi ya maisha ya kawaida. Katika The Vampire Diaries uvampaya ni hisia zilizokuzwa: ukigeuka, upendo na hasira na majonzi vyote vinakuwa vikubwa maradufu. Teen Wolf inatumia mwili. Nywele, kucha, hasira za ghafla, masikio yanayosikia kisichowahusu. Ni kubalehe kwa mvulana, na tamthilia nyingi za mapenzi ya aina hii husahau kwamba wavulana nao hupitia.

## Wakubwa wako wapi

Kigezo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinaonyesha tofauti iliyojificha. Kwetu msichana alikuwa na somo, mvulana alikuwa na mzee wa jandoni, mtu aliyeambiwa kazi yake ni kumweleza kijana mambo ambayo mzazi anaona haya kuyasema. Vijana wa tamthilia hizi wana nani?

Buffy ana Giles. Kazi yake rasmi ni kumfundisha kupigana. Lakini siku ile Angel alipogeuka, Giles anamrudisha nyumbani kwa gari, na Buffy anangoja kulaumiwa. Giles anamwambia kwamba kama anatafuta mtu wa kumtia hatiani, si yeye. Kwake atapata msaada na heshima. Mama mtu kwa upande wake hajui lolote kuhusu kazi ya mwanawe hadi mwisho wa msimu wa pili, na akijua anakosea vibaya: anamwambia akitoka asirudi. Msimu wa tatu anajirekebisha kwa njia ya kimya, anamwendea Angel mwenyewe na kumtaka afikirie mustakabali wa binti yake.

Katika Teen Wolf wazazi ni nusu ya tamthilia. Melissa, mama yake Scott, ni muuguzi anayelea peke yake. Kwa muda Scott alizoea kujituliza kwa kumfikiria Allison, akimfanya nanga yake. Wakishaachana anashindwa kujizuia, na mama yake anamkalisha chini kumwambia kwamba mtu hupenda zaidi ya mara moja, kwamba itatokea tena na huenda itauma tena, na mpaka wakati huo awe nanga ya nafsi yake. Ni somo hasa. Baba yake Stiles, mkuu wa polisi wa wilaya, naye anabeba mapenzi ya aina yake, ya mwanamume mjane anayejitahidi kumwelewa mwanawe.

Mystic Falls inawaua wakubwa wake. Wazazi waliomlea Elena walishakufa kabla hadithi haijaanza; shangazi yake Jenna aliyekuwa mlezi na baba yake mzazi wanaondoka ndani ya misimu miwili. Alaric, mwalimu wa historia, anajaribu kuziba pengo. Watoto wanabaki kulea watoto, na ushauri wa mapenzi wanaupata kwa vampaya wa karne moja na nusu ambao wenyewe hawajapona. Ukijua hilo, makosa mengi ya Elena yanaeleweka.

## Muda, moyo na tahadhari

Buffy itakutaka takribani saa 100. Msimu wa kwanza una episodi 12, picha yake ni ya zamani na mazimwi yanaonekana ya mpira. Vumilia. Msimu wa sita una jaribio la ubakaji ambalo si la kutazamwa na mtoto, pamoja na kifo cha Tara, mpenzi wa Willow, rafiki wa Buffy, kilichowaumiza sana watazamaji mwaka 2002.

The Vampire Diaries ni kama saa 120, lakini ndiyo inayokimbia kuliko zote. Episodi tano za mwanzo zina utaratibu wa kisekondari, kisha hutapata pa kupumzikia. Misimu minne ya kwanza ndiyo moyo wake, baada ya hapo inaanza kujirudia, ingawa mwisho wenyewe, Stefan anapojitoa ili wengine waishi, unastahili. Damu ni nyingi na watu wanauawa kirahisi. Teen Wolf haifiki saa 75. Picha zake za kutisha ni za filamu za hofu hasa, na nusu ya pili ya msimu wa tatu inaweza kumsumbua aliyewahi kuishi na mgonjwa wa akili nyumbani.

## Uanze na ipi, kulingana na hali yako

Kama unataka mapenzi kwanza, ya kuchagua timu na kubishana na rafiki hadi usiku wa manane, anza The Vampire Diaries. Itamfaa pia anayetoka kwenye tamthilia za Kituruki au za Kifilipino, kwa sababu mdundo wa siri, ndugu wawili na mwanamke mmoja ataujua mara moja.

Kama umemaliza sekondari hivi karibuni, uko chuoni au umeanza kutafuta kazi na unaona kila mtu amekutangulia, Buffy imeandikwa kwa ajili yako, hasa misimu ya nne hadi ya sita. Inamfaa vilevile aliyefiwa na mzazi, ila ajipangie siku ya kutazama episodi ya kifo cha mama, asiikute ghafla usiku akiwa peke yake.

Mvulana wa miaka 15 au 16, au aliyechoshwa na hadithi ambazo marafiki hawana kazi zaidi ya kusikiliza habari za mpenzi, aende Teen Wolf. Huyo huyo akitaka kutazama na mama yake, ataona mama anakaa, kwa sababu Melissa atamvuta.

Uliyepigwa chini wiki hii, acha msimu wa pili wa Buffy kwanza. Utaukuta baadaye na utakufaa zaidi ukiwa umetulia. Kwa sasa kutazama Scott na Allison wakiachana bila kuchukiana kunaweza kukupoza.

Dada au kaka anayemchagulia mdogo wake wa miaka 12 au 13: misimu mitatu ya mwanzo ya Buffy, mkitazama pamoja, na msiharakishe mazungumzo mkifika episodi ya siku ya kuzaliwa. The Vampire Diaries ingoje miaka michache, na mkiifikia mwambie mapema alichofanyiwa Caroline kinaitwaje.

Na kama bado umekwama, tenga wikiendi moja. Ijumaa usiku tazama episodi mbili za mwanzo za Teen Wolf. Jumamosi tazama ya kwanza na ya sita za The Vampire Diaries, ambapo Stefan anamweleza Elena ukweli kuhusu uvampaya wake. Jumapili tazama za 13 na 14 za msimu wa pili wa Buffy, hata kama utakuwa umeruka ya nyuma. Jumatatu utakuwa ukiwaza wahusika wa mojawapo kazini au darasani. Rudi mwanzo wa hiyo.